Jina na Mkono Uliolitoa

Mtu akisikia jina la kigeni, jambo la kwanza limjialo kinywani aghalabu ni kuuliza maana yake, na akiisha kupewa tafsiri ya maneno mawili matatu huridhika, akadhani amekwisha kumjua mwenye jina. Swali hilo si baya, wala simkatazi mtu kuliuliza. Lakini yako majina duniani ambayo tafsiri ni sehemu yake ndogo, na sehemu iliyo kubwa imo katika mambo ambayo muulizaji hakuyakumbuka: nani alilitoa, alilipata kwa njia gani, mbele ya mashahidi gani, na kwa ahadi gani baina yake na aliyepewa. Majina ya Waojibwe ni ya namna hiyo. Nayaandikia leo kwa sababu orodha za yale yaitwayo majina ya Wahindi Wekundu pamoja na maana zake zimeenea katika intaneti, wazazi wa nchi mbalimbali wakiyachagua humo kwa utamu wa sauti au uzuri wa tafsiri, na katika mazoea hayo naona dhuluma ambayo, kwa kuwa haimwagi damu wala haichukui shamba la mtu, ni vigumu kutambuliwa kuwa ni dhuluma.

Waojibwe ni kaumu kubwa miongoni mwa wenyeji wa asili wa Amerika ya Kaskazini. Wahindi Wekundu ni jina walilopewa na wageni. Wenyewe hujiita Anishinaabe, jina wanaloshirikiana na ndugu zao Waodawa na Wapotawatomi, ambao pamoja nao walifunga zamani ule umoja uitwao Umoja wa Mioto Mitatu. Maskani yao yamelizunguka Ziwa Superior, ambalo wao huliita Gichigami, na ambalo ndilo ziwa pekee la maji baridi duniani linalolipita Ziwa Viktoria kwa upana wa eneo. Upande wa kusini wamo katika majimbo ya Marekani ya Michigan, Wisconsin, Minnesota na North Dakota, na upande wa kaskazini wameenea katika Ontario, Manitoba na Saskatchewan za Kanada. Nasaba yao hufuata upande wa baba, na kila ukoo una alama yake ya mnyama, samaki au ndege, iitwayo doodem: korongo, dubu, kambare, mbwa mwitu na wengineo. Neno totemu, ambalo wataalamu wa mila wamelieneza ulimwenguni kote, limetokana na neno hilo. Walipofanya amani kuu na Wafaransa mjini Montreal mwaka 1701, wakuu wao, pamoja na wakuu wa makabila mengine, walitia sahihi kwa kuchora sura za wanyama. Na hapo pana fundisho la kuzingatia, maana yaonekana kwamba alama ya ukoo ndiyo iliyokuwa ya kuwekwa hadharani mbele ya mataifa, ilhali jina la mtu lilikuwa na heshima ya namna nyingine. Doodem mtu huzaliwa nayo. Jina sharti apewe.

Bibi Frances Densmore, aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kurekodi nyimbo na mila za wenyeji wa Amerika, alitoa mwaka 1929 kitabu juu ya mila za Waojibwe, ambao Wamarekani huwaita pia Chippewa, na ndani yake akayapanga majina yao katika mafungu sita: jina la ndoto linalotolewa kwa sherehe na mtoa majina, jina la ndoto ambalo mtu amelipata mwenyewe, jina ambalo wazazi humpa mtoto kwa kumfuata mtu mwingine, lakabu ya kila siku, jina la ukoo, na jina lenye sauti nzuri tu lisilokuwa na maana. Fungu la mwisho nalitaja kwa insafu, kwa kuwa lathibitisha kwamba Waojibwe nao, kama watu wote, hupenda sauti tamu. Lakini uzito wote umo katika fungu la kwanza, na hapo ndipo nitakapokawia.

Mtoto akizaliwa, au hata baada ya miezi na miaka kupita, wazazi wake humwendea mzee, awe mume au mke, ambaye maisha yake yameonyesha kwamba amejaliwa nguvu ya kutoa jina. Nguvu hiyo haisomwi wala hainunuliwi. Katika zama za kale kijana wa Kiojibwe, akikaribia kubaleghe, alipakwa masizi usoni akaenda kukaa faragha msituni, akafunga siku kadhaa bila chakula, akingojea ruya. Na kiumbe kilichomjia katika ruya hiyo, kama ni tai au ngurumo, dubu au upepo wa kaskazini, kikawa mlinzi wake maishani, na sehemu ya hidaya aliyoipata siku ile ndiyo aliyoweza, akiisha kuwa mtu mzima mwenye mvi, kumgawia mtoto mchanga kwa njia ya jina. Basi wazazi humpelekea tumbako, ambayo kwao ni kitu kitukufu cha kufungulia kila ombi zito, na mzee akiipokea tumbako ile amekubali amana. Huenda akalipata jina siku iyo hiyo, kwa kuikumbuka ndoto ya ujana wake; huenda akangoja mpaka lije lenyewe, na hapana mzazi mwenye adabu atakayemhimiza. Siku ya karamu jamaa na majirani hukusanyika, chakula huandaliwa, na mtoa jina hueleza asili ya jina lile, kisha hulitamka akielekea pande nne za dunia, ili vilivyo hai na visivyoonekana vipate kumtambua mtoto, na waliohudhuria hulirudia kwa sauti kila linapotamkwa. Desturi hutofautiana baina ya mahali na mahali, na wazee wa leo hawafanyi yote kwa namna moja; lakini popote pale jina hutoka kwa mtu anayejulikana, kwenda kwa mtu anayejulikana, mbele ya watu waliosikia.

Tangu siku hiyo mtoa jina na mpewa jina huwa na udugu maalumu, na kila mmoja humwita mwenziwe niiyawen'enh. Lugha yetu ya pwani, kwa bahati njema, inalo neno la kulipokea: ni somo, kwa ile maana ya kale ya mtu mliyeshirikiana jina na aliye mwandani wako, ambaye huna siri naye. Ila ndani ya neno la Kiojibwe wenye lugha husikia neno la mwili, niiyaw, mwili wangu, hata ikawa ni kama mtoa jina amemega kipande cha nafsi yake akakitia katika mtoto; na kwa kuwa amefanya hivyo, ana haki na wajibu juu ya mtoto huyo maisha yao yote mawili, kumwombea, kumwonya, na kumfunulia jina lake kidogo kidogo kwa kadiri akili yake inavyopevuka. Mtoto akiwa mgonjwa wa mara kwa mara, hutafutiwa kwa ajili ya afya yake jina la pili kutoka kwa mzee mwingine, ili nguvu ya huyu iongezwe juu ya nguvu ya yule. Na mtu mmoja huweza kufika utu uzima akiwa na majina kadhaa, kila moja na mtu wake. Wala majina haya hayakutumiwa ovyo. Watu waliitana kwa ujamaa wao, babu, shangazi, mdogo wangu, au kwa lakabu za kuchekesha. Na wageni wengi wa karne ya 19 walistaajabu kuona mtu akiulizwa jina lake akanyamaza kwa haya, akamtazama aliye karibu naye ili ajibu kwa niaba yake.

Yafaa niseme neno juu ya lugha yenyewe. Kiojibwe hujenga neno moja refu kwa viungo vingi, na kiini cha neno hilo mara nyingi ni kitendo. Jambo hilo msemaji wa Kiswahili, aliyezoea kuona sentensi nzima ikikaa ndani ya neno kama hatukuwaona, hatalistaajabia. Kwa hiyo jina la mtu aghalabu ni tukio: kitu kinapita, kinasimama, kinang'aa, kinasikika. Majina mengi ya wanawake huishia kwa -kwe, kiungo cha mwanamke. Na mtu akifariki dunia, jina lake huongezewa kiishio -iban, ambacho hufanya kazi ya neno letu marehemu, ila kwao hakitangulii, hufuata. Neno giizhig, ambalo ni mbingu na pia ni siku, limo katika majina mengi mashuhuri. Wakuu wawili wa Minnesota, baba na mwana, waliitwa Bagone-giizhig, tundu la mbinguni. Mwana alilichukua jina hilo baba yake alipokufa mwaka 1847, akalibeba mpaka alipouawa mwaka 1868, na magazeti ya Marekani yakalitafsiri neno kwa neno kama kwamba ni kichekesho cha msituni. Kumbe Bagone-giizhig ni jina la kundi la nyota lile ambalo wakulima wetu huliita Kilimia, na kwa Waojibwe ni mlango ambao kwa huo dunia hii na dunia ya roho hupitiana. Mwandishi wa gazeti alikuwa na tafsiri sahihi kabisa mkononi, na hakuelewa kitu.

Lakini mfano ulio bora kuliko yote ni wa mwanamke mmoja aliyezaliwa mwaka 1800 huko Sault Ste. Marie, mahali ambapo maji ya Ziwa Superior huteremka kwa maporomoko kuelekea Ziwa Huron. Baba yake, John Johnston, alikuwa mfanyabiashara wa ngozi aliyetoka Ireland. Mama yake, Ozhaguscodaywayquay, alikuwa binti wa Waubojeeg, mkuu wa vita aliyesifika vilevile kwa utunzi wa nyimbo. Mama huyo alifunga msituni alipokuwa msichana, na katika ruya yake, kama alivyosimulia uzeeni, akamwona mgeni mweupe aliyemkaribia na kikombe mkononi. Naye baadaye akaolewa na mgeni mweupe, akaishi naye mpaka alipokufa, bila kuiacha lugha yake hata siku moja. Binti yao alifundishwa Kiingereza na vitabu na baba yake, akafundishwa na mama yake hadithi, nyimbo na mila za upande wa pili. Wamarekani humjua kwa jina la Jane Johnston Schoolcraft. Watu wa mama yake walimwita, kama jina hilo lilivyoandikwa wakati ule, Bamewawagezhikaquay, na waandishi wa siku hizi huliandika Obabaamwewe-giizhigokwe.

Jina hilo hutafsiriwa mahali pote kuwa mwanamke wa sauti ya nyota zikipita kwa kasi mbinguni. Ni maneno mazuri mno, na simlaumu anayeyapenda. Lakini tukilifungua jina lenyewe twaona kiungo cha kuzunguka huku na huko, kiungo cha sauti, kiungo cha mbingu, na kile kiishio cha mwanamke; nyota haimo. Nyota, ambayo kwa Kiojibwe ni anang, ililetwa na tafsiri. Kilichomo ni mwanamke wa sauti inayopita huku na huko mbinguni, na sauti hiyo ni ya nini, jina halisemi wala halikukusudiwa kusema. Hilo lilikuwa la kuelezwa na mtoa jina mbele ya waliokusanyika, na kuhifadhiwa naye na mpewa jina. Ndipo nisemapo kwamba mwenye kuliokota jina la Kiojibwe katika orodha ameokota ganda. Hata tafsiri ikiwa sahihi, shahidi hayupo, na hadithi iliyofungwa ndani ya jina haikuja pamoja nalo.

Mwanamke huyo alitunga mashairi kwa Kiingereza na kwa Kiojibwe, na watafiti wengi humtaja leo kuwa mwandishi wa fasihi wa kwanza anayejulikana miongoni mwa wenyeji wa asili wa Marekani. Mwaka 1823 aliolewa na Henry Rowe Schoolcraft, aliyekuja mwaka mmoja kabla kuwa wakala wa serikali kwa mambo ya wenyeji. Mtoto wao wa kwanza, William Henry, aliyeitwa nyumbani Penaysee, kidege, alifariki mwaka 1827 kabla hajatimiza miaka 3, na mama yake akamwombolezea kwa beti. Watoto wawili waliobaki walipelekwa mwaka 1839 shule za bweni za mashariki, mbali na nchi ya mama yao, na uchungu wa kuwaacha huko akautungia shairi kwa Kiojibwe. Alikufa mwaka 1842, akiwa na miaka 42, alipokuwa amemtembelea dada yake huko Kanada. Maandishi yake yalikaa katika makaratasi ya mumewe zaidi ya karne moja na nusu, hata mwaka 2007 msomi Robert Dale Parker akayakusanya na kuyachapisha, kitabu akakipa kichwa cha ile tafsiri ya jina lake.

Mumewe namtaja kwa kirefu kidogo kwa sababu katika kazi zake twaona, pengine wazi kuliko popote, tofauti ya jina lililotolewa na jina lililotengenezwa. Mwaka 1832 aliongozwa na Ozaawindib, mzee wa Kiojibwe, mpaka chimbuko la mto Mississippi, ziwa ambalo Waojibwe walilijua siku zote na kuliita kwa jina la kulungu mkubwa wa huko, Omashkoozo-zaaga'igan. Bwana Schoolcraft hakuridhika nalo. Alichukua maneno mawili ya Kilatini yenye maana ya ukweli na kichwa, veritas na caput, akakata la kwanza mwanzoni na la pili mwishoni, akaunga vilivyobaki, akapata Itasca; na hata leo wako wasafiri wanaodhani kwamba hilo ni jina la wenyeji. Baada ya hapo alishiriki katika kubuni majina ya wilaya za Michigan, akichanganya vipande vya Kiojibwe na vya Kilatini, na hata kile kitangulizi cha Kiarabu, al, ambacho msomaji wa pwani hukitambua mara moja katika Alcona na Alpena. Mwaka 1843 wilaya iliyokuwa ikiitwa Negwegon, kwa jina la mkuu mmoja wa wenyeji, iliondolewa jina hilo ikaitwa Alcona. Lifikiriwe jambo hili: jina la mtu aliyeishi, aliyekuwa na wazazi na ukoo, lilifutwa katika ramani, likawekwa mahali pake neno la kubuni ambalo halikupata kuwa la mtu yeyote, ila lilisikika kama la wenyeji, na kusikika huko ndiko kulikotosha.

Hadithi ambazo Schoolcraft alizikusanya kwa mkewe na jamaa za mkewe alizichapisha mwaka 1839, na kutoka humo Henry Wadsworth Longfellow alipata sehemu kubwa ya mambo ya utenzi wake wa Hiawatha wa mwaka 1855, uliosomwa duniani kote. Shujaa wa hadithi zile kwa Waojibwe ni Nanabozho. Hiawatha ni mtu mwingine kabisa, mwanasiasa na mpatanishi wa watu wa Haudenosaunee, ambao Wafaransa waliwaita Wairokwa, na ambao katika karne ya 17 walipigana na Waojibwe vita vikali. Kosa hilo Schoolcraft ndiye aliyelitangulia, na mshairi akalirithi. Kwa hiyo mamilioni ya watoto wa shule walijifunza matendo ya mmoja chini ya jina la adui wa mababu zake. Wako wasemao kwamba jambo hilo si kitu, maadamu utenzi ulikuwa mzuri. Mimi nasema ni kitu, na kwamba kosa la namna hiyo haliwezi kutokea kwa watu ambao mwandishi anawahesabu kuwa ni watu; hakuna mshairi aliyepata kutunga matendo ya Wafaransa akayaweka chini ya jina la mfalme wa Uingereza asisahihishwe siku ya pili.

Pengine msomaji atauliza kama jina la Kiojibwe haliwezi basi kumfikia mgeni kwa halali. Laweza. Mwaka 1837 Bibi Anna Jameson, mwandishi wa Kiingereza, alifika Sault Ste. Marie akakaa na jamaa hawa hawa, akampenda mama mzee Ozhaguscodaywayquay, naye akamfanya kama binti yake. Siku moja Bibi Jameson aliteremka maporomoko kwa mtumbwi mwepesi wa magome ya mti, akiongozwa na mwenyeji, jambo ambalo wanawake wa Kizungu hawakuwa wakilifanya, na aliporudi salama wenyeji wake walishangilia wakampa jina jipya lenye maana ya mwanamke wa povu linalong'aa. Jina hilo lina kila kitu: lina tukio, lina mtoaji, lina nyumba lililotolewa na watu walioshuhudia. Bibi Jameson hakuliomba wala hakulichagua, na alipoliandika katika kitabu chake mwaka uliofuata aliliandika kwa fahari ya mtu aliyekirimiwa. Ujenebi wake haukuwa kizuizi.

Na pengine atauliza tena, hasa akiwa ni mtu wa pwani, kama sisi wenyewe hatukuyachukua majina ya wengine, tukawa akina Hamisi na Salima, akina Petro na Mariamu, na hapana aliyetushtaki. Swali hilo ni la haki. Jibu langu ni kwamba majina hayo yalitujia pamoja na watu wake: yaliletwa na waliooa na kuolewa kwetu, na walimu waliokaa miongoni mwetu wakazikwa katika ardhi yetu, na dini ambazo hutaka zienee, na hufurahi kila mtu mpya achukuapo jina lake. Jina la ndoto la Kiojibwe halitaki kuenea. Limetolewa kwa mmoja, na akifa mwenyewe aweza kupewa mwingine kwa njia ile ile tu ya mkono na kauli, kama alivyopewa Kahkewaquonaby, ambaye kwa Kiingereza aliitwa Peter Jones. Huyu alizaliwa mwaka 1802 kwa mama wa Kiojibwe wa ukingo wa Ziwa Ontario na baba wa asili ya Wales. Babu yake upande wa mama akamfanyia karamu akampa jina la mjomba wake aliyekufa utotoni, jina la manyoya matukufu ya tai, akamweka chini ya ulinzi wa ngurumo. Baadaye akawa mchungaji wa Kimethodisti, akahubiri kinyume cha dini ya babu yake. Lakini jina hakulitupa, na kitabu chake juu ya Waojibwe, kilichotoka mwaka 1861 baada ya kufa kwake, kinabeba majina yote mawili. Sidhani kama ipo hoja iliyo na nguvu kuliko hiyo juu ya uzito wa amana hii, kwamba hata aliyeiacha imani iliyoizaa hakuthubutu kumrudishia babu yake.

Lililoshindikana kwa mahubiri lilijaribiwa kwa shule na madaftari. Kanuni za serikali ya Marekani za mwaka 1883 ziliwaadhibu wenyeji kwa ngoma zao za dini na kwa kazi za waganga wao, na haikuwa mpaka mwaka 1978 sheria ilipotamka waziwazi kwamba wana uhuru wa kuabudu kwa mila zao. Katika shule ya Carlisle, iliyofunguliwa Pennsylvania mwaka 1879 na kuwapokea watoto wa makabila mengi, Waojibwe wakiwamo, mtoto alibadilishiwa jina. Luther Standing Bear, aliyekuwa wa Walakota, alikuja kueleza jinsi alivyoambiwa aonyeshe kwa fimbo moja katika majina yaliyoandikwa ubaoni, asiyoweza kuyasoma, na alilolielekeza likawa lake. Sheria ya mwaka 1887 ya kugawa ardhi ilipotaka kila mtu aandikwe pamoja na warithi wake, makarani walitaka jina la baba liwe jina la familia, na mwaka 1890 mkuu wa idara husika, Thomas J. Morgan, akatoa waraka wa kulipanga jambo hilo. Nchini Kanada watoto wa shule za bweni waliitwa mara nyingi kwa nambari. Basil Johnston, mwandishi wa Kiojibwe aliyepelekwa utotoni katika shule ya namna hiyo huko Spanish, Ontario, alitumia maisha yake yaliyobaki, mpaka alipofariki mwaka 2015, kuirudisha lugha na mila hizo katika vitabu, na jambo la utoaji jina ameliandikia kama mtu aonaye kwamba hapo ndipo mtu huanza kuwa mtu.

Mwaka huo huo wa 2015 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Kanada ilitoa miito 94 kwa serikali na wananchi, na mwito wa 17 ulitaka walionyang'anywa majina na shule zile, pamoja na jamaa zao, waruhusiwe kuyarudisha katika hati zao zote bila ada kwa muda wa miaka 5. Serikali kuu iliitikia mwezi wa Juni mwaka 2021, ikafungua njia ya majina hayo kuandikwa katika pasipoti na hati nyingine pasipo malipo. Nasifu hatua hiyo kwa moyo wote. Ni mara chache dola hukiri kwamba iliiba neno. Lakini ilitia masharti mawili yaliyoonyesha kwamba haikufahamu inarudisha nini. Kwanza, jina lilitakiwa liandikwe kwa herufi za Kilatini na alama chache zinazotumiwa na Kifaransa, ilhali Waojibwe wengi wa kaskazini husoma na kuandika lugha yao kwa maandishi mengine ya silabi, waliyonayo tangu karne ya 19. Pili, uliwekwa ule muda wa miaka 5.

Muda wa miaka 5 watosha kwa mtu ambaye jina lake la kale limeandikwa mahali, akalifute jipya alirudishe la zamani. Haumfai yule ambaye bibi yake alinyamazishwa, mama yake hakupewa jina lolote la ndoto, na yeye mwenyewe, akiwa na umri wa miaka 40 mjini Winnipeg au Toronto, ndiyo kwanza aanza kumtafuta mzee atakayeipokea tumbako yake. Huyo hana jina la kurudisha. Analo la kungojea, na mzee hawezi kuhimizwa na tangazo la serikali kama vile alivyokuwa hawezi kuhimizwa na wazazi. Ofisi hizo na ziondoe kikomo cha muda, zikubali maandishi yote ambayo wenye lugha huandikia lugha yao, na anapokuja mtu mzima akiwa na jina alilopewa mwaka huu, zilihesabu neno la mtoa jina na la waliohudhuria kuwa ushahidi kamili, sawasawa na cheti.